SOMO LA WANACHAMA: VIMENG'ENYA NA CHAKULA CHA KONDOO WAKATI WA KIANGAZI

Somo hili ni kwa ajili ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Bonde la Ruvuma, kuanzia Kitaya hadi kwenye mlango wa mto baharini. Lengo lake ni kumwezesha kila mwanachama kujibu swali moja linaloweza kuletwa mbele ya mkutano wowote: je, fedha ya chama itumike kununua unga wa vimeng'enya kwa ajili ya kondoo, au itumike kwa njia nyingine ya kuongeza faida ya chakula kilichopo kijijini?

Swali hili si dogo. Katika nyumba ya mkulima wa mpunga na korosho, kondoo ni akiba. Mpunga ukisha kuvunwa na fedha ya korosho ikawa bado haijafika, kondoo ndiye auzwaye ili mtoto apelekwe shule au mgonjwa apate matibabu. Lakini miezi hiyo hiyo, tangu Juni hadi mvua za Novemba au Desemba, ndiyo miezi ya majani makavu. Kondoo aliyenona mwezi wa Mei hupungua uzito kidogo kidogo, hata mkia wake uliojaa mafuta ukanywea. Kondoo anayekonda ni akiba inayotolewa bila idhini ya mwenyewe. Kwa hiyo kila njia inayosemwa kuwa itamwezesha kondoo kupata nguvu zaidi katika chakula kile kile yastahili kuchunguzwa kwa makini, na kila shilingi itakayotumika yastahili kuulizwa imeleta nini.

1. Kimeng'enya ni kitu gani?

Kimeng'enya ni aina ya protini inayotengenezwa na kiumbe hai, ambayo kazi yake ni kuharakisha mabadiliko fulani ya kikemia. Kimeng'enya chenyewe hakiishi wala hakizaani. Ni mfano wa ufunguo: kila kimoja hufungua kufuli yake, na kufuli nyingine hakiiwezi.

Akina mama wa mikoa ya kusini wamekuwa wakitumia vimeng'enya tangu zamani bila kuvitaja kwa jina hilo. Togwa ni ushahidi. Uji mzito ukishapoa kiasi, hutiwa unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikaanikwa na kusagwa. Muda si mrefu uji huwa mwepesi na kuanza kuwa mtamu. Kimeng'enya kilichomo katika kimea kimekata wanga na kuugeuza kuwa sukari. Mpishi mzoefu hujua pia kwamba kimea kikitiwa katika uji unaochemka, togwa haifanyiki. Joto kali limekiharibu kimeng'enya.

Mwaka 1833 wanakemia wawili wa Ufaransa, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walifaulu kukitenga kitu hicho kutoka katika kimea cha shayiri. Tangu hapo wataalamu wamevitambua vimeng'enya vingi sana. Katika lishe ya mifugo vinatajwa zaidi vitatu au vinne. Amilasi hukata wanga. Protiasi hukata protini. Selulasi na zailanasi hukata nyuzinyuzi za mimea. Faitasi hufungua fosforasi iliyofungwa ndani ya nafaka na mbegu.

Mwanachama ashike mambo mawili kutokana na mfano wa togwa, kwani yatarudi mbele. La kwanza, kimeng'enya hufanya kazi juu ya kitu chake tu. La pili, kinataka hali yake ya joto, unyevu na uchachu. Hali isipofaa, hakifanyi kazi hata kikiwa kingi.

2. Kiwanda kilichomo tumboni mwa kondoo

Mwili wa kondoo hauwezi kutengeneza selulasi hata chembe moja. Mwili wa binadamu hali kadhalika. Hata hivyo kondoo hula majani makavu akaishi, na binadamu hawezi. Tofauti iko katika tumbo la kwanza, lile kubwa lililo upande wa kushoto, ambalo kwa kondoo mkubwa huweza kuchukua lita 10 hadi 15.

Ndani ya tumbo hilo hamna hewa ya oksijeni, joto ni nyuzi 39 hivi za Selsiasi, na maji yake hayana uchachu mkali. Humo huishi vijidudu kwa wingi usiohesabika kwa kawaida: katika mililita moja ya maji ya tumbo hilo, bakteria hukaribia bilioni 10. Pamoja nao wamo protozoa na kuvu. Zamani ilidhaniwa kuwa kuvu hawawezi kuishi pasipo oksijeni. Mwaka 1975 mtafiti Colin Orpin wa Uingereza alionyesha kwamba viumbe fulani vilivyopatikana katika tumbo la kondoo, ambavyo vilifikiriwa kuwa protozoa, kwa kweli ni kuvu. Kuvu hawa hupenyeza vinyuzi vyao ndani ya mabua na kuyapasua, na hivyo huwafungulia njia bakteria.

Vijidudu hivyo ndivyo vinavyotengeneza selulasi, zailanasi na hata faitasi. Hukata nyuzinyuzi na kuzichachusha, na katika kazi hiyo hutoa asidi nyepesi, ikiwemo ile iliyomo katika siki. Asidi hizo hufyonzwa katika damu ya kondoo na ndizo zinazompa sehemu kubwa ya nguvu zake. Kisha vijidudu vyenyewe husukumwa pamoja na chakula hadi katika tumbo la nne, ambamo huuawa na kumeng'enywa, na kuwa protini ya kondoo.

Kwa hiyo mwenye kondoo anafuga mifugo ya aina mbili kwa wakati mmoja: kondoo anayeonekana, na vijidudu visivyoonekana. Chakula kinachoingia kinywani ni chakula cha vijidudu kwanza. Vikishiba, kondoo hushiba. Vikifa njaa, kondoo atakufa njaa huku tumbo lake limejaa mabua.

3. Kwa nini mabua ya mpunga ni chakula kigumu?

Bonde la Ruvuma lina mabua ya mpunga baada ya mavuno kila mwaka. Aghalabu huachwa shambani yakaoza, au huchomwa moto. Sababu ni kwamba kondoo akipewa mabua matupu hula kidogo na huendelea kukonda. Ugumu huo una asili tatu.

Kwanza, nyuzinyuzi za mabua zimefungamana na lignini, ambayo ni kitu kigumu kinachoupa mmea uimara wake. Lignini haimeng'enywi katika tumbo la kondoo, wala haikatwi na selulasi. Ni kama saruji iliyomwagwa juu ya matofali.

Pili, mabua ya mpunga yana silika nyingi kuliko mabua ya nafaka nyingine nyingi. Silika ni kitu cha jamii ya mchanga, nayo huyafanya mabua yawe makali na kupunguza umeng'enywaji wake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mabua ya mpunga yana protini kidogo mno, kiasi cha asilimia 3 hadi 5 tu. Vijidudu vya tumboni vinahitaji chakula chenye protini ya asilimia 7 hivi ili viweze kuzaana na kufanya kazi sawasawa. Chini ya hapo idadi yao hupungua, kazi ya kukata nyuzinyuzi hupooza, mabua hukaa tumboni muda mrefu, na kondoo hana nafasi ya kula zaidi.

Mwanachama ataona hapa kwamba kinachokosekana kwanza si selulasi. Mafundi wa kutengeneza selulasi wamo tumboni tayari. Kinachokosekana ni chakula cha mafundi hao.

4. Unga wa vimeng'enya: unaweza nini na hauwezi nini?

Vimeng'enya vinavyouzwa kwa ajili ya mifugo hutengenezwa viwandani kwa kufuga kuvu na bakteria. Selulasi nyingi hutokana na kuvu wa jamii ya Trichoderma. Historia yake ina mafunzo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mahema na nguo za pamba za askari wa Marekani waliokuwa katika visiwa vya Pasifiki zilikuwa zikioza upesi mno. Kuvu aliyepatikana katika pamba iliyooza kutoka Visiwa vya Solomon alichunguzwa na kuonekana kuwa hodari wa kukata nyuzinyuzi. Baadaye akaitwa Trichoderma reesei, kwa heshima ya mtafiti Elwyn Reese. Adui wa mahema akawa mtumishi wa viwanda.

Faida ya vimeng'enya hivi imethibitika zaidi kwa kuku na nguruwe. Wanyama hao hawana tumbo kubwa la vijidudu, na hivyo faitasi huwasaidia kupata fosforasi iliyomo katika nafaka na pumba, na zailanasi hupunguza utelezi wa nafaka fulani matumboni mwao. Mwanachama anayefuga kuku wa kisasa ana sababu njema ya kuuliza kama chakula anachonunua kimetiwa vimeng'enya.

Kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe mambo ni tofauti. Tangu miaka ya 1990 utafiti mwingi umefanywa, hasa nchini Kanada katika kituo cha Lethbridge, ambako Karen Beauchemin na wenzake walijaribu kuwapa wanyama wanaocheua vimeng'enya vya kukata nyuzinyuzi. Matokeo ya kazi hiyo, na ya nchi nyingine, yamekuwa ya kigeugeu. Safari nyingine umeng'enywaji uliongezeka na wanyama wakaongezeka uzito au maziwa. Safari nyingine hapakuwa na tofauti yoyote. Sababu zake zinaeleweka.

(a) Vimeng'enya vingi vya kuvu hufanya kazi vizuri zaidi penye uchachu na joto la nyuzi 50 hivi. Tumbo la kondoo halina uchachu huo wala joto hilo.

(b) Kimeng'enya ni protini. Vijidudu vya tumboni vyaweza kukikata na kukila kama wanavyokula protini nyingine, kabla hakijamaliza kazi.

(c) Kimeng'enya kinachofaa kwa chakula cha aina moja huenda kisifae kwa kingine. Kilichofanikiwa kwa majani mabichi ya nchi za baridi hakiwi na dhamana ya kufanikiwa kwa mabua ya mpunga.

(d) Kiasi kikizidi, faida haiongezeki, na pengine hupungua.

(e) Kikihifadhiwa mahali penye joto na unyevu, kama ghala la bati karibu na pwani, nguvu yake hupotea kabla ya kutumika.

Imeonekana pia kwamba kimeng'enya kikiyeyushwa katika maji na kunyunyiziwa juu ya chakula kikavu kabla ya kulishwa, hufanya kazi vema kuliko kikimiminwa moja kwa moja tumboni, kwa sababu hushikamana na chakula. Hata hivyo hakiwezi kuleta protini isiyokuwepo, wala hakiwezi kuivunja lignini. Kwa kondoo anayekula mabua matupu, unga wa vimeng'enya ni kama kuwanunulia mafundi misumeno mipya ilhali hawajala siku tatu.

5. Njia iliyo karibu: kuvundika mabua kwa urea

Nchini Tanzania kazi ya kuyafanya mabua yafae zaidi kwa mifugo si ngeni. Januari 1981 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Arusha kuzungumzia matumizi ya vyakula hafifu vya mifugo katika Afrika. Huko Morogoro, katika kitivo cha kilimo ambacho mwaka 1984 kilikuwa Chuo Kikuu cha Sokoine, watafiti walishughulikia magunzi ya mahindi kwa dawa za alkali ili yameng'enywe kwa urahisi. Njia iliyo rahisi na salama zaidi kwa mkulima mdogo ni ile ya urea, mbolea ya kawaida inayouzwa madukani.

Jambo la kuvutia ni kwamba njia hii nayo hutumia kimeng'enya, tena cha bure. Urea ikiyeyushwa na kunyunyiziwa juu ya mabua, kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho hutoka kwa bakteria waliomo katika mabua yenyewe, huigeuza kuwa amonia. Amonia hulegeza kifungo kati ya lignini na nyuzinyuzi, na sehemu yake hubaki katika mabua kuwa chakula cha vijidudu. Kwa njia moja matatizo mawili hupunguzwa.

Kipimo ni hiki: kwa kila kilo 100 za mabua makavu, urea kilo 4 na maji lita 80. Anayeanza na kilo 10 za mabua atumie urea gramu 400 na maji lita 8. Hatua zake ni kama zifuatazo.

(1) Kuchagua mabua makavu, safi, yasiyo na ukungu, na kuyakatakata kwa panga yakiwezekana.

(2) Kupima urea kwa mizani, si kwa kukisia kwa mkono, na kuiyeyusha yote katika maji mpaka isionekane punje hata moja.

(3) Kutandaza mabua kwa tabaka ndani ya shimo lililotandikwa karatasi ya nailoni, au ndani ya mifuko mizito ya nailoni. Kunyunyizia kila tabaka maji ya urea kwa usawa na kulishindilia kwa miguu.

(4) Kufunga kabisa ili amonia isitoke, na kuweka uzito juu yake. Katika joto la pwani majuma matatu yatosha.

(5) Kufungua, na kuyaacha mabua yanayotakiwa yapigwe na hewa kwa siku moja ili harufu kali ipungue. Mabua mema huwa na rangi ya hudhurungi na ni laini kuliko awali. Yenye ukungu yatupwe.

(6) Kuwazoesha kondoo kidogo kidogo kwa muda wa siku 10 hadi 14, wakichanganyiwa na chakula walichokizoea.

Hesabu ya mahitaji si ngumu. Mwanachama mwenye kondoo 10, akikusudia kuwapa kila mmoja gramu 600 za mabua kwa siku kwa muda wa siku 90, atahitaji 10 × 0.6 × 90, yaani kilo 540 za mabua. Urea itakayohitajika ni asilimia 4 ya kilo 540, yaani kilo 21.6, ambayo haifiki nusu ya mfuko wa kilo 50. Wanachama wawili wanaweza kugawana mfuko mmoja na kubakiza.

HADHARI. Urea ni chakula cha vijidudu kwa kipimo, na ni sumu kwa kondoo ikizidi kipimo. Mambo haya hayana budi kufuatwa:

– Urea isipewe kondoo ikiwa punje, wala isitiwe katika maji ya kunywa. Ndoo iliyobaki na maji ya urea imwagwe mbali na mifugo na watoto.

– Kondoo mwenye njaa kali asianzishiwe mabua ya urea kwa wingi. Wana-kondoo wasiozidi miezi mitatu wasipewe, kwa sababu tumbo lao la kwanza halijakomaa.

– Molasi, mabibo au kitu kingine chenye sukari kisichanganywe na mabua wakati wa kuvundika. Amonia ikikutana na sukari yaweza kutengeneza sumu inayowatia wanyama wazimu.

– Dalili za sumu ya urea ni kutetemeka, kutokwa povu, kuvimba tumbo na kuanguka, nazo huja upesi baada ya kula. Mnyama anyweshwe siki nusu lita hadi lita moja iliyochanganywa na maji baridi, kwa uangalifu asipaliwe, na bwana mifugo aitwe bila kuchelewa.

6. Vyakula vingine vya kijijini vinavyowalisha vijidudu

Mabua yaliyovundikwa peke yake humwezesha kondoo kujikimu. Ili aongezeke uzito, ahitaji nyongeza, na nyingi ya nyongeza hizo zipo Mtwara.

Mbaazi huvunwa wakati wa kiangazi. Majani yake na maganda yake yana protini, nayo hayapaswi kuachwa shambani. Majani makavu ya kunde na karanga hali kadhalika. Mlusina ulioota mpakani mwa shamba hubaki na majani mabichi wakati nyasi zimekauka. Lakini usizidi theluthi moja ya chakula cha siku, kwa kuwa una kitu kinachodhuru ukiliwa kwa wingi. Mashudu ya ufuta ni nyongeza bora. Konzi moja ya gramu 100 kwa kondoo kwa siku huleta tofauti. Mashudu ya karanga yenye ukungu yasitumike kamwe, maana ukungu huo hutoa sumu.

Mabibo huja mwishoni mwa kiangazi, wakati kondoo amekonda zaidi. Yana sukari nyingi, na sukari ni nguvu ya haraka kwa vijidudu. Lakini kondoo akiachiwa alale chini ya mikorosho akijaza tumbo mabibo matupu, uchachu hupanda, vijidudu vinavyokata nyuzinyuzi hufa, na kondoo hulegea na kuharisha. Apewe machache, baada ya kula mabua, na yaongezwe pole pole. Mabibo yaliyokaushwa, yaani kochoko, yaweza kuwekwa akiba kwa njia hiyo hiyo ya kuyatoa kwa kipimo.

Salfa inayopulizwa katika mikorosho kuzuia ubwiriunga isitiwe katika chakula cha kondoo, na kondoo wasilishwe chini ya mikorosho iliyopulizwa karibuni. Ni kweli kwamba vijidudu huhitaji salfa kidogo, lakini hiyo kidogo hupatikana katika majani na mashudu. Ikizidi hugeuka hewa ya sumu tumboni na kudhuru ubongo wa mnyama.

Mwisho, maji na chumvi. Kondoo anayekula chakula kikavu bila maji ya kutosha hupunguza kula mwenyewe. Maji safi yawepo kila siku, na chumvi iwekwe mahali pakavu ailambe.

7. Chama kifanye jaribio kabla ya kununua

Baada ya kufuata yaliyotangulia, huenda bado mwanachama akauliza: unga wa vimeng'enya ukiongezwa juu ya mabua yaliyovundikwa, je, hautaleta faida zaidi? Pengine utaleta. Jibu halipatikani katika maneno ya mwuzaji wala katika maneno ya mpinzani wake. Hupatikana katika jaribio. Chama cha ushirika kina uwezo wa kufanya jaribio kuliko mkulima mmoja, kwa sababu kina kondoo wengi wa kuchagua, kina mizani, na kina daftari.

Kondoo 12 wa umri na uzito unaokaribiana wachaguliwe, wote wapewe dawa ya minyoo, kisha wagawanywe kwa kura katika makundi mawili ya kondoo 6. Chakula, maji na banda viwe sawa kabisa. Kundi la pili tu ndilo linyunyiziwe chakula chake vimeng'enya, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Na chakula cha kundi la kwanza kinyunyiziwe maji matupu ya kiasi hicho hicho. Baada ya siku 14 za kuzoea, kila kondoo apimwe asubuhi kabla ya kula, siku mbili mfululizo, na wastani uandikwe. Mizani ya korosho iliyolala ghalani nje ya msimu yafaa kwa kazi hii, kondoo akitiwa katika gunia lililotobolewa miguu. Baada ya siku 60 wapimwe tena kwa njia hiyo hiyo.

Mfano ufuatao una tarakimu za zoezi tu. Ikichukuliwa kwamba kundi la kwanza limeongezeka jumla ya kilo 12 na la pili kilo 15, tofauti ni kilo 3. Kilo ya kondoo aliye hai ikiwa na thamani ya shilingi 5,000, faida ni shilingi 15,000. Vimeng'enya vilivyotumika vikiwa vimegharimu shilingi 24,000, chama kimepata hasara ya shilingi 9,000, ingawa kondoo wameongezeka uzito. Hapo ndipo penye kiini cha somo: kuongezeka kwa uzito na kuongezeka kwa faida ni mambo mawili. Aidha, kondoo mmoja aliyenenepa kupita wenzake asichukuliwe kuwa ushahidi. Ni kundi zima linalopimwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu aandike siku, uzito wa kila kondoo kwa namba yake, chakula kilichotolewa, kilichobaki, gharama, ugonjwa na kifo, hata pale matokeo yasipompendeza.

Kabla ya kukubali kununua, katibu amtake mwuzaji ajibu maswali haya kwa maandishi: Unga huu una vimeng'enya gani, na nguvu yake ni kiasi gani? Ulijaribiwa kwa wanyama wanaocheua, au kwa kuku? Ulijaribiwa kwa chakula gani? Utaharibika lini, na uwekwe wapi? Je, umesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010 inayohusu malisho na vyakula vya mifugo? Mwuzaji asiyeweza kujibu hastahili fedha ya wanachama.

8. Muhtasari

Kondoo hatengenezi selulasi. Vijidudu vya tumboni mwake ndivyo vinavyoitengeneza. Upungufu mkubwa wa mabua ya mpunga ni protini, na kifungo cha lignini. Unga wa vimeng'enya hauondoi upungufu huo, na matokeo yake kwa wanyama wanaocheua hayana uhakika. Kuvundika mabua kwa urea, kuongeza majani ya jamii ya kunde na mashudu, na kutoa maji na chumvi, hutangulia. Vimeng'enya vya kununua huja baadaye, na baada ya jaribio lenye hesabu.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini togwa haifanyiki iwapo kimea kimetiwa katika uji unaochemka? Jambo hilo linafundisha nini juu ya kuhifadhi unga wa vimeng'enya?

2. Katika chama chenu, mabua ya mpunga huenda wapi baada ya mavuno? Kadirieni ni kilo ngapi zingeweza kuhifadhiwa.

3. Mwanachama ana kondoo 7 na anataka kuwapa gramu 500 za mabua kila mmoja kwa siku 100. Atahitaji mabua kilo ngapi, urea kilo ngapi na maji lita ngapi?

4. Tajeni mambo manne yanayoweza kufanya kondoo afe kwa urea, na mwelezane namna ya kuyaepuka.

5. Jaribio limeonyesha kondoo wameongezeka uzito lakini chama kimepata hasara. Katibu atatoa taarifa gani mbele ya mkutano mkuu?

Jibu la swali la tatu ni mabua kilo 350, urea kilo 14 na maji lita 280. Katibu awaache wanachama wapige hesabu wenyewe kwanza, ndipo awasomee.